Mara Tisa Alizokufa Keriako

Keriako aliuawa kila siku saa nane mchana, kwenye kibaraza cha mafundi cherehani pale sokoni Handeni, na kila alipouawa Naserian alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

Msimdhanie vibaya. Naserian alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, muuza maziwa, na Keriako alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyerithi boma na kila kilichopumua ndani yake. Mwaka wa kwanza wa urithi huo alimvunja Naserian kifundo cha mkono wa kushoto kwa rungu, kosa lake kuchelewa kurudi kutoka sokoni. Mfupa uliunga upandeupande. Tangu hapo mkono ule haukuweza kubeba keni ya maziwa iliyojaa, ila uliweza kulala gotini kwa utulivu mtu anaposikiliza kitabu.

Msomaji alikuwa Getruda, ambaye soko zima lilimwita Mama Fundi, mjukuu wa manamba waliokuja Korogwe kukata mkonge na wasirudi kwao. Baba yake, Bonaventura, alikuwa mkata mkonge pekee kambini aliyependa kusoma, na kila Jumapili baada ya misa aliwasomea wenzake. Wenzake walitoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo alikuwa na mtindo wake: kitabu kikitaja mto wa Ulaya, yeye aliuita Ruvuma kama waliokaa mbele ni Wangoni, au Malagarasi kama ni Waha. Kitabu kikitaja bwana tajiri, alimpa jina la msimamizi wa shamba, na wanaume wazima wakagaragara kwa kicheko. Aliita mtindo huo kuhamisha kitabu. Alisema watu waliochoka hawana nguvu ya kusafiri mbali, basi acha kitabu kiwafuate.

Getruda alirithi mtindo huo pamoja na cherehani. Na Naserian, ambaye hakujua hata herufi moja, alikuwa msikilizaji ambaye msomaji yeyote angeomba apewe na Mungu. Maziwa yakiisha alikuja, akaketi juu ya keni yake tupu, na maneno yakimwingia hayakutoka tena. Ukimwuliza leo kilichosomwa mwezi uliopita, anakurudishia neno kwa neno, pamoja na mahali Getruda alipokohoa.

Riwaya waliyokuwa nayo safari hii haikuwa na jalada. Getruda aliiokota kwenye lundo la vitu chakavu stendi ya Korogwe. Ilisimuliwa na muuaji mwenyewe, mimi nilifanya hivi, mimi nilifanya vile, naye alimwua mtu aitwaye Ernesti aliyempokonya urithi wake. Walipofika ukurasa wa mauaji Naserian alikunja uso.

"Mama Fundi, huyo Ernesti simwoni."

"Humwoni vipi?"

"Sina mtu wa jina hilo. Mwite Keriako."

Getruda aliweka mkasi chini, akamwangalia, akauangalia mkono uliopinda. Kisha akasoma upya, na bandari ikawa stendi, kisiwa kikawa Dindira, kisima cha nyuma ya ghala kikawa korongo la nyuma ya machinjio, na Ernesti akawa Keriako.

Naserian alijua uzito wa alichoomba. Kwao jina la aliyekufa halitajwi. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka mitatu hajalitamka la mumewe. Kumtaja aliye hai kwa kifo ni kumwitia kifo chenyewe. Ndiyo maana alicheka kama mtu anayeiba sukari. Na alipoonja mara moja, hakuacha. Kila siku kabla Getruda hajafungua ukurasa mpya, Naserian aliinua kidole.

"Mwue kwanza, ndipo tuendelee."

Getruda akamwua, ndipo wakaendelea.

Hatua sita kutoka hapo kilikuwa kijiwe cha bodaboda. Vijana wa pale walishinda shingo zimeinama kwenye simu, wakitazama mtu anaanguka kutoka juu ya paa huko Uchina, mbuzi anacheza, mwanamke anakaanga kitu, kila kimoja kwa muda wa pumzi mbili, na jioni hakuna hata mmoja aliyeweza kukwambia aliona nini asubuhi. Sisemi ni wabaya. Nasema kichwa cha mtu si gunia. Mmoja wao, Yordani, aliona kichekesho: fundi wa Kikristo anamsomea Mmasai, na Mmasai anacheka peke yake. Akawarekodi. Akakata kipande kilichomnogea, sekunde ishirini tu, akakirusha kwenye grupu. Nia yake ilikuwa kuchekesha.

Bahati mbaya Keriako alikuwa na siku tatu hajaonekana. Aliondoka bomani bila kuaga na simu yake haikupatikana.

Ijumaa Naserian alimaliza maziwa mapema. Akiwa anapita kwenye vibanda vya chai alisikia sauti ya Getruda ikitoka kwenye simu ya muuza vocha. Hatua kumi mbele akaisikia tena, kwenye simu ya mchoma mahindi. Moyo wake ulifurahi kijinga. Alidhani hatimaye watu wamegundua utamu wa kitabu. Kisha akasikiliza maneno.

"Nilimkata Keriako kwa panga, la kwanza begani, la pili shingoni. Nikamkata la tatu ili nisisikie sauti yake. Nikamburura mpaka korongoni nyuma ya machinjio, nikamfukia, nikarudi mjini nikala wali na maharage."

Kipande kikaishia hapo. Hapakuwa na mwanzo, wala kikohozi, wala kicheko chake mwenyewe. Naserian alianza kukimbia, keni ikimgonga pajani.

Watu walikuwa wamekwisha kumtoa Getruda kwenye kiti kwa kumvuta nywele. Cherehani ilikuwa chini, gurudumu lake likizunguka lenyewe. Mtu alimpiga fundi teke la mbavu, mwingine akampiga na ubao wa kukatia vitambaa, na ubao ulipovunjika wakampiga na vipande vyake. Ncha ya kipande kimoja iliingia kwenye jicho lake la kushoto. Naserian aliona ikiingia. Getruda alipiga ukelele ambao Naserian hakuwahi kuusikia kwa mtu, ila kwa ng'ombe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja.

"Kamfukia wapi?" walipiga kelele. "Aseme!"

"Ni kitabu!" Getruda alilia, mkono usoni, damu ikipita katikati ya vidole. "Jamani, ni kitabu! Kiko mezani! Someni wenyewe!"

Jacob, katibu wa soko, alikuwa mtu wa haki kadiri uoga wake ulivyomruhusu. Aliinua mikono, akaomba kimya, akakiokota kitabu kilichokanyagwa. Ukurasa ulikuwa umekunjwa pembe, mchafu kuliko yote kwa kusomwa. Akausoma kimoyomoyo, midomo ikitikisika, na Naserian, aliyekwama nyuma ya migongo ya watu, aliona uso wake ukibadilika. Hapo akaelewa.

"Hapa pameandikwa Ernesti," alisema Jacob. Akageuza ukurasa, akarudi. "Ernesti, na kisima, na ghala. Hakuna Keriako. Hakuna korongo wala machinjio."

Umati ulinguruma. Kilichokuwa utetezi kiligeuka ushahidi. Hata waliokuwa wamesimama pembeni kwa kusitasita sasa waliokota mawe, kwa sababu hakuna kinachomkera mtu kama kudhani kuna aliyetaka kumdanganya. Lekakeny, mtoto mkubwa wa Keriako, alikuwa mbele na wenzake wawili, sime imeshatoka kwenye ala, na machozi yanamtiririka. Yordani alileta tairi. Mwingine akampa petroli kwenye chupa ya maji, naye akaanza kummwagia Getruda kichwani, kwa pupa hata nyingine ikamrukia kwenye suruali yake mwenyewe. Petroli iliingia kwenye lile jicho zima.

Naserian angeweza kuondoka. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Akisema ukweli, atakuwa amekiri mbele ya mtoto wa Keriako kwamba alimwitia baba yake kifo, siku baada ya siku, akicheka. Hakuna boma litakalomlaza tena, wala mtu wa kumwonea huruma. Akinyamaza, rafiki yake anaungua. Alilipima hilo kwa muda wa kumeza mate mara moja, na aliogopa sana, na hasira ikauzidi uoga.

Alipenya kwa viwiko. Alipofika mbele alimpiga Yordani na keni usoni, keni ya alumini ya lita kumi, na meno mawili ya mbele yakaenda na chupa. Kisha akarukia meza ya pasi. Pasi ya mkaa ilikuwa pale, imejaa makaa mekundu. Aliishika kwa mkono wa kulia, akafungua mfuniko wake kwa ule uliopinda, akasimama juu ya Getruda, kwenye dimbwi la petroli, shuka lake likilowa.

"Haya!" alipiga kelele. "Njooni! Atakayesogea naangusha makaa. Tuungue wote. Yordani, wewe wa kwanza, angalia suruali yako!"

Yordani aliangalia suruali yake. Akakaa chini palepale, damu ikimtoka mdomoni.

Simu zilikuwa juu, zote zikirekodi. Lekakeny alisema, akimwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, toka hapo."

"Sitoki. Jacob! Fungua ukurasa wa kwanza. Weka kidole."

"Mama Namunyak, sasa..." alianza Jacob, akimwita Naserian kwa jina la binti yake.

"Weka kidole nimekwambia!"

Jacob aliweka kidole. Naserian akaanza kusoma bila kuona kitabu. Alisema maneno ya muuaji tangu la kwanza, jinsi alivyozaliwa, jinsi baba yake alivyokufa, jinsi alivyoshuka stendi ya Handeni na sanduku moja. Mkono ulianza kumwuma kwa uzito wa pasi na cheche zikamrukia kwenye kiganja, akaendelea. Mwanzoni Jacob alifuata kwa uvivu. Kisha akainama.

"Kitabu kinasema bandarini," alisema kwa sauti. "Yeye kasema stendi. Mengine yote ni yaleyale."

"Endelea kufuata," alisema Naserian.

"Kitabu kinasema kisiwani, yeye kasema Dindira. Mengine yaleyale. Jamani, hajakosea hata neno."

Zilipita kurasa mbili, tatu. Mtu akashusha jiwe. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa anapiga kelele za kuchoma, aliuliza, "Huyo ndugu yake akamfanyaje?" na akanyamazishwa na waliotaka kusikia. Naserian aliwachukia wote kwa wakati mmoja. Walikuwa na masikio siku zote, wakasubiri mpaka damu ndiyo wayatumie. Akaruka mpaka ukurasa uliokunjwa, akasema ule wa mauaji polepole, panga la kwanza, la pili, la tatu.

"Ernesti," alisema Jacob, kidole kwenye mstari. "Jina tu. Amebadilisha jina na mahali."

"Nani alibadilisha?" aliuliza Lekakeny. Alikuwa anamwangalia Naserian, si Jacob.

Naserian alisema kwa Kiswahili kwanza, ili soko lisikie, kisha kwa Kimaasai, ili isiwepo njia ya kurudi nyuma.

"Mimi. Fundi anasoma ninavyomwomba. Mimi ndiye niliyesema afe baba yako." Akainua ule mkono uliopinda, mfuniko wa pasi ukining'inia kwenye kidole. "Na nilifurahi. Nilifurahi sana, Lekakeny."

Kijana aliinua sime. Akabaki hivyo. Kisha akaishusha.

"Utayasema nyumbani mbele yake akiwa hai," alisema. "Asiporudi hai, utayasema kwangu."

Gari la polisi lilifika baada ya hapo, na watu wakayeyuka kama hawakuwepo. Wale waliobeba mawe ndio waliomsaidia kumpakia Getruda garini, wakimwambia pole mama, pole sana. Naserian aliokota kitabu chini ya meza iliyopinduka, akakifunga kwenye shuka.

Keriako alirudi Jumapili, mzima wa afya, amenenepa kidogo. Alikuwa Bungu huko milimani kwa rafiki yake, simu imeisha chaji, pombe haijaisha. Alipoambiwa yote akamwita Naserian katikati ya boma, watu wote wakiangalia.

"Umeniua mara ngapi?"

Angeweza kudanganya. Lakini siku ile sokoni ilikuwa imemwondolea uwezo wa kusema uongo.

"Tisa."

Keriako alikuwa mtu wa ng'ombe, hakosei kuhesabu. Alimpiga rungu tisa, akizitaja moja moja kwa sauti. Ya tano ilitua kwenye sikio la kulia, na kuanzia hapo Naserian alizisikia nne zilizobaki kwa upande mmoja tu. Ya tisa ilipoisha alimwambia aondoke na alichovaa. Binti yake Namunyak alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumlilia langoni. Aliondoka anatambaa, akasimama mbali na macho yao, akaifuata barabara.

Getruda alikuwa Korogwe kwa dada yake Rosa, kwenye kota za zamani za mkonge. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilifungwa bandeji, na daktari alisema labda, neno ambalo madaktari hulitoa kwa ukarimu. Naserian alipoingia, Rosa alirudi nyuma hatua mbili kwa jinsi uso ule ulivyovimba. Getruda hakuona kitu. Alinusa.

"Petroli," alisema. "Umekuja na kitabu."

"Nimekuja nacho. Hatujui kama muuaji alikamatwa."

Walilia hapo, wameshikana mikono, bila aibu. Naserian aliomba radhi kwa ajili ya jicho. Getruda alimwambia anyamaze, kwa sababu aliyelisoma lile jina ni yeye, na alilisoma kwa raha.

Shida ikawa moja: msomaji hana macho, na mwenye macho hajui kusoma. Rosa alikuwa na mambo yake. Alisema siku hizi kwenye simu kuna watu wanaosoma hadithi, unabonyeza tu.

"Huyo wa kwenye simu hamjui Naserian," alisema Getruda, na mjadala ukaisha.

Basi wakafanya hivi. Naserian alishika kitabu, akaeleza alama anayoiona, na Getruda akaitaja. Kwa mtu aliyekua akitambua ng'ombe wa kila boma kwa alama ya moto kwenye paja, kazi haikuwa ngeni. Kamba iliyofungwa mviringo ni O. Nyoka ni S. Fimbo iliyosimama na vijiti vitatu kulia kwake ni E. Wiki ya kwanza walimaliza mistari minne. Wiki ya pili, ukurasa. Kichwa kilimwuma Naserian na sikio bovu likavuma, na alipokosea alikitukana kitabu kwa Kimaasai. Lakini alama zilianza kumjia zenyewe, makundi makundi, kama mifugo inayojua njia ya kisimani.

Siku moja mchana alisita. Kitabu kilikuwa kimejifungua chenyewe pale kilipozoea, kwenye ukurasa wenye pembe iliyokunjwa, sasa ukiwa na doa la damu. Alifuata mstari kwa kidole bila kuuliza kitu. Fimbo na vijiti vitatu. Kisha alama nyingine, na nyingine. Nyoka.

"Ernesti," alisoma.

Hakuna aliyemsaidia. Alikaa akiliangalia jina hilo, la mtu ambaye muda wote alilala hapo na wao wakampitia juu. Akaligusa sikio lake.

"Mama Fundi, nisome kama kilivyoandikwa?"

Rosa, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, alisimama haraka. "Kama kilivyoandikwa! Jamani, jicho halijawatosha? Sikio halijawatosha?"

Getruda hakumjibu dada yake. Aligeuza uso wake wenye bandeji upande ule ilikotoka sauti ya Naserian, akainua kidole.

"Mwue kwanza," alisema, "ndipo tuendelee."